Magofu Yana Wenyewe

Mtu yeyote anayetaka kuyajua magofu ya mwambao wetu hana budi kupita mlangoni kwa James Kirkman. Mwingereza huyu alianza kuchimba Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948, akaendelea kwa miaka kumi hivi, kisha akahamia Mombasa kuifukua Ngome ya Yesu. Kitabu alichowaandikia wasomaji wa kawaida, Men and Monuments on the East African Coast, kilichapishwa London mwaka 1964. Nilikisoma nikiwa mwanafunzi wa ualimu, nikakirudia nilipokuwa mkuu wa chuo, na sasa nikiwa mstaafu hapa Makorora nimekisoma kwa mara ya tatu. Kitabu ambacho mtu hukirudia mara tatu maishani si cha kudharauliwa. Hata hivyo limo ndani yake jambo moja ambalo limetudhuru, nami nataka kulieleza kwa utulivu, maana mwenyewe alifariki mwaka 1989 na hawezi tena kujitetea.

Kwanza nimpe haki yake. Bwana Kirkman anaandika kama mtu aliyetembea kwa miguu. Gedi aliyoikuta ilikuwa imemezwa na msitu, mizizi ya miti mikubwa imezikumbatia kuta, na paa zote zimekwisha kuanguka. Leo mtu akiingia pale anauona msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, nyumba za mawe zilizopangana, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Yote hayo yanaonekana kwa jasho lake na jasho la vibarua waliofyeka na kuchimba pamoja naye. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na katika heshima hiyo yeye ana fungu lake. Lugha yake pia ni nyepesi, haina kiburi cha kitaalamu. Mwalimu anayetaka kujifunza namna ya kuueleza ukuta uliobomoka hata msomaji akauona umesimama, na akisome.

Sasa niingie katika shauri lenyewe. Kitabu kinapofika mahali pa kusema magofu haya ni ya nani, hukumu yake ni fupi na haina shaka: si ya Waafrika. Ni ya Waarabu na ya Waajemi waliogeuka Waarabu. Damu, asema, ilichanganyika, utamaduni haukuchanganyika. Taarifa yake ya mwanzo kuhusu msikiti mkuu wa Gedi, iliyotoka mwaka 1954, ilikuwa imekwisha kuuita mji huo wa Kiarabu katika jina la kitabu, kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza.

Hukumu ya namna hii ingeweza kuachwa iwe ugomvi wa wasomi katika maktaba zao, lakini tuutazame mwaka. Mwaka 1964 ulianza kwa mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari, na katika siku zilizofuata watu wengi waliuawa au walifukuzwa kwa sababu tu ya kuitwa Waarabu. Aprili ukaja Muungano. Mwaka huo huo Sheria ya Mambo ya Kale ilipitishwa kwetu, ikisema kwamba mabaki haya ni mali ya kutunzwa na taifa. Basi neno la kusema nani alijenga na nani hakujenga halikuwa neno jepesi. Upande mmoja lilimwambia Mswahili kwamba yeye ni mgeni katika ardhi yake. Upande wa pili lilimwambia Mbondei, Mdigo na Msegeju kwamba misikiti iliyo mashambani mwao haiwahusu. Mtu asiyehusika na kitu hakitunzi. Nimeona kwa macho yangu mawe ya gofu yakiwa msingi wa banda la mbuzi. Aliyeyachukua hakuwa mwizi. Alifundishwa kwamba yale ni mabaki ya watu waliokwenda zao.

Tuipime hukumu hiyo kwa ushahidi ule ule alioufukua Bwana Kirkman.

Tuanze na majina aliyozipa nyumba za Gedi. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Mchimbaji huitaja nyumba kwa kile kilicho adimu ili asiichanganye na nyingine. Kwa hilo simlaumu. Zimo pia Nyumba ya Kauri na Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, vitu vya bahari na pori letu wenyewe. Lakini msomaji akitembea katika majina hayo atadhani wenyeji wa Gedi walikula, wakalala na kufa wakiwa wamezungukwa na vitu vya melini. Hakuna hata moja inayoitwa Nyumba ya Chungu. Na vyungu ndivyo vilivyojaa chini kuliko vyote: vyungu vya udongo wa hapa, vilivyofinyangwa kwa mkono, vilivyopikia wali na samaki wa kila siku. Kirkman aliviona. Katika taarifa zake za uchimbaji aliviorodhesha na kuvipanga kwa aina zake kwa uangalifu. Alipokuja kutoa hukumu kwa wasomaji wa kawaida akavisahau, akakumbuka mabakuli. Ni kama mtu aingie nyumbani kwangu, aone redio ya Kijapani sebuleni, kisha aandike kwamba Makorora ilijengwa na Wajapani.

Kisha tuzitazame kuta. Jiwe la matumbawe hukatwa baharini lingali bichi na laini, likachongwa kabla halijakauka. Kazi hiyo humtaka mtu anayejua maji yanapopwa na yanapojaa. Chokaa huchomwa kwa mawe ya pwani hii na kuni za pwani hii. Dari hulalia boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haibebi uzito ikizidi urefu fulani, vyumba vyote vya mwambao vikawa vyembamba, upana wa kama meta mbili na nusu hadi tatu. Mtu mwenye fedha aliweza kukirefusha chumba chake apendavyo, lakini hakuweza kukipanua. Kwa hiyo umbo la nyumba ya tajiri wa Gedi liliamuliwa na mkoko. Na juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu wa Gedi umechongwa mkuki. Watu walioutia mkuki juu ya mlango wa msikiti hawakuwa wametengana kabisa na majirani zao wa bara.

Ushahidi wa tatu ni wa makaburi, na hapa nawaomba wasomaji waondoke Gedi waje nami nyumbani Tanga. Ukishika njia ya Pangani, kiasi cha kilometa ishirini kusini ya mji, unafika Tongoni. Jina lenyewe linajieleza: tongo ni mahame, mahali palipokuwa na mji. Zamani paliitwa Mtangata. Pana gofu la msikiti lenye kibla chake, na kando yake makaburi kama arobaini, mengi yao yakiwa ya mnara, yaani yenye nguzo ya mawe iliyosimamishwa kichwani. Nguzo nyingi zimekwisha kuvunjika. Katika baadhi ya makaburi yapo mashimo ya mviringo yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina, nayo mabakuli yalikwisha kung'olewa zamani. Wataalamu wanasema hakuna mahali pengine katika mwambao wote penye makaburi ya mnara mengi namna hii yaliyokusanyika pamoja. Na kaburi la namna hii halipatikani Arabia, wala Uajemi. Liko Malindi, liko Kaole karibu na Bagamoyo, liko Kunduchi, liko kwetu Tongoni. Kama waliojenga walikuwa Waarabu watupu, kwa nini walizika wafu wao kwa namna ambayo kwao Arabuni haijulikani?

Tongoni haijulikani sana. Mgeni akifika Tanga ataonyeshwa mapango ya Amboni, ataonyeshwa majengo ya Wajerumani, na Tongoni itatajwa mwisho kama muda unaruhusu. Visiwa vya Toten na Yambe, ambavyo navyo vina magofu yake, havitajwi kabisa. Lakini jina la pwani hii liliingia mapema katika maandishi ya Wazungu. Mwezi Aprili 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda mwamba upande huu, na wenyeji wakaja kwa vyombo vyao wakileta machungwa. Mwandishi wa safari ile aliyasifu kwamba ni mazuri kuliko ya Ureno. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wengi wamekwisha kufa, waliichoma merikebu hiyo hapa hapa, maana watu wa kuiendesha hawakutosha. Mimi huyapenda sana yale machungwa. Baharia mwenye njaa hakuuliza kuta ni za nani. Aliona watu, mashamba na ukarimu. Kabla gofu halijawa gofu palikuwa na mtu aliyepanda mchungwa na kuungoja uzae.

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliwapeleka pale walimu wanafunzi wa mwaka wa pili. Nilikuwa nimewapa kazi ya kuandika somo la darasa la tano wakitumia kitu wanachokiona badala ya kitabu. Kijana mmoja kutoka Singida akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, hii ni historia ya Waarabu. Nitamfundishaje mtoto wa Kinyaturu?" Alikuwa ameyasema yale ambayo shule ilimfundisha, na shule iliyapata kwa watu waliomsoma Kirkman. Kabla sijamjibu tukamwona bibi mmoja wa kijijini amechutama kando ya kaburi, anawasha ubani katika chetezo.

"Shikamoo, Bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Tumeshakaribia. Nani amelala hapa?"

"Wazee wangu."

Yule kijana hakuweza kujizuia. "Shikamoo, Bibi. Lakini si wanasema hawa walikuwa Waajemi?"

"Marahaba. Huenda," akasema. "Na babu yako wewe alizaliwa hapo kwenu?"

Kijana akasema hapana, babu yake alihama kutoka Unyamwezi akaoa Singida.

"Basi nawe ni mgeni kwenu?"

Hakungoja jibu. Akageukia ubani wake.

Najua wapo ndugu zetu katika dini wasioipenda desturi ya kufukiza ubani makaburini, na hoja zao ninazifahamu. Si shabaha yangu kuamua jambo hilo hapa. Ninachosema ni kwamba mhakiki wa magofu hawezi kumpita bibi yule kana kwamba hayupo. Kitabu cha Kirkman kinasema utamaduni wa wajenzi ulikuwa mbali kabisa na Waafrika waliowazunguka. Bibi anasema wajenzi ni wazee wake, na kwamba mzee kutoka mbali hakumfanyi mjukuu kuwa mgeni. Nani kati yao ana ushahidi?

Nafikiri bibi anao zaidi, na kwa sababu ambayo hata masimulizi ya kale yanaiunga mkono. Tukumbuke habari za Kilwa zilizoandikwa katika karne ya 16, ambazo kila mwanafunzi wetu amezisikia. Ali bin Hassan anakuja kutoka Shirazi, anataka kisiwa, naye mwenye kisiwa anamuuzia kwa kitambaa cha kukizunguka chote. Watu waliosoma habari hii kwa macho ya Kirkman walimsikia Mshirazi tu. Lakini ndani ya hadithi yumo mtu wa pili, yule aliyekiuza. Alikuwa na kisiwa, alikuwa na mamlaka ya kukiuza, na alijua thamani ya nguo. Waswahili tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina watu wawili, na kusimulia habari za mmoja bila mwenzake ni kuikata nusu.

Utafiti uliokuja baada ya 1964 umemtafuta huyo mwenyeji, na umempata. Kuanzia mwaka 1980 Mark Horton alichimba Shanga katika kisiwa cha Pate, na mwaka 1996 akatoa kitabu chake. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwenzake, mpaka akafika kwenye kijisikiti cha miti na udongo cha karne ya 8. Mji haukushushwa kutoka jahazini ukiwa umekamilika. Ulikua mahali pake, kutoka mti hadi jiwe. Mtanzania mwenzetu Felix Chami alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba vyungu vyenye michoro ya pembetatu, vya kabla ya miji ya mawe, vinapatikana pwani na bara pia, kazi ya watu wale wale wakulima na wafua chuma. Hata Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ustadi. Mtu anayesoma historia kwa mawe peke yake angeipita Mombasa ile bila kuiona, maana mbao huoza.

Kosa hili la kumtafuta mjenzi kila mahali ila hapo alipo halikuwa la Kirkman pekee, wala halikuwa la pwani yetu tu. Kule Zimbabwe Kuu, David Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kwamba zile kuta ni za Waafrika, na Gertrude Caton-Thompson akathibitisha mwaka 1929. Walowezi hawakutaka kusikia. Waliendelea kuwataja Wafoinike na Malkia wa Sheba, na mwaka 1970 Peter Garlake, mkaguzi wa mambo ya kale, alilazimika kuondoka Rhodesia kwa kushikilia ukweli huo. Katika misitu ya Amerika ya Kati nako, ambako mpaka leo magofu madogo ya Wamaya yamejificha chini ya miti na wasafiri wachache tu huyafikia, walikuwako wasomi waliowataja Wamisri, Waisraeli waliopotea na bara la Atlantis. Mwaka 1839 Mmarekani John Lloyd Stephens alifika Copán katika Honduras akifuatana na mchoraji Frederick Catherwood. Aliyapenda magofu hata akayanunua kwa dola 50 kutoka kwa mtu mwenye shamba. Lakini jambo lililompa heshima ya kudumu ni lile aliloliandika mwaka 1841: kwamba mjenzi asitafutwe ng'ambo ya bahari, yu karibu, katika mababu wa watu wale wale wa nchi ile. Na maandishi ya Wamaya yalipoanza kusomeka, kutokana na kazi ya Mrusi Yuri Knorozov mwaka 1952, ufunguo haukuwa dhahabu wala nyota. Ulikuwa lugha ambayo wajukuu wangali wakiizungumza.

Hapo ndipo ninapomlaumu Bwana Kirkman zaidi. Aliandika mahali fulani kwamba alipoanza kazi Gedi alihisi kama kuna mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki. Sentensi zake hizo zimependwa sana na watalii, na wanaowatembeza hupenda kuzirudia ili wageni wasisimke. Nami huziona kuwa ni za kweli kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Nyuma ya kuta walikuwako watu. Walikuwako Wagiriama wa vijiji vya karibu, waliokuwa na habari zao za wazee wa mahali pale na adabu zao za kuingia msituni. Walikuwako vibarua walioshika majembe. Yeye alihisi anatazamwa akadhani ni mzimu, wala hakuona kwamba angeweza kuuliza.

Ndiyo maana silipendi hata kidogo lile neno "mji uliopotea". Husemwa Gedi ilikuwa imepotea mpaka John Kirk alipofika mwaka 1884. Ilipotea kwa nani? Mtu anayekata kuni kando ya ukuta hawezi kusema ukuta umepotea. Msitu wenyewe, ambao vitabu huuita adui wa magofu, mara nyingi ndio uliokuwa bawabu wake: watu walipaogopa au walipaheshimu, hawakukata miti, na kwa hiyo hawakubeba mawe. Gofu lililoachwa wazi karibu na mji mkubwa limekwisha zamani.

Lakini nisije nikaonekana kama wakili anayeficha nusu ya mashahidi. Baada ya uhuru tulikuja na jibu letu, nalo likapita kiasi upande wa pili. Tuliambiwa, na sisi tukawaambia wanafunzi, kwamba habari zote za Shirazi ni hadithi za kujikweza, kwamba hakuna aliyekuja, kila kitu ni chetu tangu mwanzo. Mwezi Machi 2023 watafiti, akiwamo Mkenya Chapurukha Kusimba, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika mwambao wetu kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wao sehemu kubwa ya asili ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo ilipitia hasa kwa mama. Sehemu nyingine kubwa ilitoka Asia, kwanza Uajemi, ikapitia hasa kwa baba, na mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Basi wazee wetu waliosimulia habari za Washirazi hawakusema uongo. Na Kirkman aliyesema damu ilichanganyika hakukosea katika hilo.

Alikosea katika lile la pili, la utamaduni, na hapo ndipo penye uzito. Kama mama alikuwa wa hapa, basi jiko lilikuwa la hapa, chungu kilikuwa cha hapa, na lugha aliyobembelezewa mtoto ilikuwa ya hapa. Ushahidi wake tunao vinywani mwetu kila siku. Kiswahili kimechukua maneno mengi kutoka Kiarabu na Kiajemi, lakini mtoto bado ni mtoto na watoto, mti ni miti, na kitenzi hujengwa kama kwa Wabondei na Wazigua. Hao baba walikuja na dini, biashara na nasaba, navyo vilipokewa kwa heshima. Wajukuu wao walisema lugha ya mama. Siwezi kuuita utamaduni huo kitu kilichojitenga na Waafrika, wala siwezi kusema haukupokea kitu. Mtu mwenye akili timamu haulizwi achague kati ya mama yake na baba yake.

Kwa hiyo ningependa nini badala ya kitabu cha Kirkman? Sitaki kitupwe. Kinatakiwa kisomwe, na kisomwe na walimu kwanza, kalamu mkononi. Ninachotamani ni kitabu cha Kiswahili cha bei ya kawaida juu ya magofu madogo: Tongoni, Toten, Yambe, Kaole, Kunduchi na mengine yasiyopelekewa mabasi ya watalii. Kitabu hicho kianze na chungu kabla ya bakuli. Kieleze fundi aliyekata matumbawe, mchoma chokaa, na mkata boriti aliyesimama katika tope mpaka magotini. Kiseme wazi kwamba wageni walikuja, na kiseme wazi vilevile kwamba walikaribishwa na mtu. Na kila sura iwe imeandikwa baada ya mwandishi kukaa na watu wa kijiji kilicho jirani, akawauliza majina ya mahali, ya visima, na ya wale wanaokwenda kuyafagia makaburi.

Yule kijana wa Singida aliandika somo lake. Hakuanza na Waajemi wala Waarabu. Aliwataka watoto wa darasa la tano waulize nyumbani babu zao walihama kutoka wapi, nani aliwapokea, na waliachiwa nini. Kisha ndipo akawaleta Tongoni. Nilimpa alama nzuri, na pembeni nikamwandikia kwamba asisahau kuwaambia watoto waamkie wakifika, maana mahali pale pana wenyewe.